Ukiugua Melini Ugenini: Namna ya Kudai Fidia ya Bima ya Safari



Si jambo la ajabu siku hizi kumkuta mzazi wa Lembeni, Usangi au Same akiwa na hati ya kusafiria. Watoto wamesambaa duniani kwa masomo, kazi na ndoa, nao hutamani wazazi wawatembelee wakiwa bado na nguvu. Mzazi aliyezoea basi la kwenda Moshi hujikuta akipanda ndege katika Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro. Akifika huko, huenda watoto wakamwongezea zawadi ya siku chache ndani ya meli ya kitalii.

Katika maandalizi ya safari za namna hiyo, bima ya safari huwa karatasi inayopewa uzito mdogo kuliko zote. Wasafiri wengi huikata kwa sababu ubalozi umeitaka. Wakishapata viza, huikunja na kuisahau ndani ya bahasha. Hukumbukwa pale msafiri anapougua, na wakati huo familia hugundua kwamba haijui bima hiyo inalipa nini, inalipa wapi, wala nani wa kupigiwa simu.

Makala haya yanaeleza hatua za kudai fidia kwa msafiri aliyeugua akiwa melini. Sehemu kubwa ya maelezo inamhusu pia anayeugua akiwa nyumbani kwa mwanawe, hotelini au hijani.

Mfano tutakaoufuata

Ili maelezo yaeleweke, tumetunga mfano. Wahusika wake si watu halisi, na tarakimu zake ni za kufundishia tu.

Mwalimu mstaafu wa Lembeni, mwenye umri wa miaka 67, anamtembelea binti yake anayeishi Hamburg, Ujerumani. Kwa miaka kadhaa Mwalimu amekuwa akihudhuria kliniki ya shinikizo la damu na kumeza vidonge kila siku. Binti amelipia safari ya siku saba ya meli ya kitalii kutoka Hamburg hadi pwani ya Norwe na kurudi. Siku ya tatu Mwalimu anapata homa na kikohozi, kisha anaanza kupumua kwa shida. Daktari wa meli anamtundikia dripu na kumpa dawa. Meli inapofika katika bandari ya Bergen, daktari anaamuru ashushwe apelekwe hospitali, ambako anagundulika kuwa na nimonia. Analazwa siku nne. Meli inaendelea na safari bila yeye na binti yake.

Swali la familia ni moja: gharama hizi ni za nani?

Mambo ambayo bima ya safari huyakinga

Bima ya safari ni mkataba. Kampuni ya bima inapokea ada, nayo inaahidi kubeba hasara zilizotajwa kwenye mkataba kwa viwango vilivyotajwa na kwa muda uliotajwa. Hasara isiyotajwa haimo, hata kama msafiri aliiumia sana.

Kwa mgonjwa aliye melini, vipengele vya kutafuta kwenye hati ya bima ni vitano. Cha kwanza ni matibabu ya dharura, yaani daktari, dawa, vipimo na kulazwa. Cha pili ni kumhamisha mgonjwa kutoka mahali pasipo na huduma ya kutosha hadi hospitali inayofaa. Cha tatu ni kumrejesha nchini mgonjwa au, Mungu aepushe, mwili wa marehemu. Cha nne ni kukatika kwa safari, yaani kufidia siku zilizolipiwa na hazikutumika pamoja na tiketi mpya ya kurudi. Cha tano ni malipo kwa siku ambazo mgonjwa ameamriwa kukaa chumbani mwake melini. Mkataba wa bei nafuu huweza kuwa na vipengele vitatu vya kwanza tu.

Msafiri anayeomba viza ya nchi za Schengen hutakiwa kuwa na bima isiyopungua euro 30,000, inayokinga matibabu ya haraka, kulazwa kwa dharura, kurejeshwa nchini kwa sababu za kitabibu na kifo. Bima hiyo lazima ihusu nchi zote za Schengen na muda wote wa kukaa huko. Sharti hilo ni kiwango cha chini cha ubalozi. Halisemi lolote kuhusu siku za meli zilizopotea wala tiketi ya kurudi. Kwa hiyo, bima iliyotosha kupata viza huenda isitoshe kwa safari ya meli.

Tunapenda pia kuondoa dhana mbili zinazojirudia. Dhana ya kwanza ni kwamba nauli ya meli inajumuisha matibabu. Zahanati ya meli ya kitalii kwa kawaida hutoza huduma zake, na deni huingizwa kwenye akaunti ya chumba cha abiria pamoja na vinywaji na ufuaji wa nguo. Abiria hulipa kwanza, kisha anaidai bima yake. Dhana ya pili ni kwamba kadi ya NHIF itasaidia. Kadi hiyo ni kwa ajili ya vituo vilivyosajiliwa na Mfuko hapa nchini, si zahanati ya meli katika bahari ya Kaskazini.

Bima yako inaishia wapi?

Kila mkataba una mipaka ya kijiografia. Tangu Oktoba 2024, kwa mfano, wageni wanaoingia Zanzibar hutakiwa kuwa na bima maalumu inayotolewa na Shirika la Bima la Zanzibar. Bima hiyo iliwekwa kwa ajili ya ukaazi wao huko, na mgeni anayeendelea na safari nchi nyingine hana budi kutazama kinga nyingine aliyo nayo. Ndivyo ilivyo kwa bima nyingine zote: zina mahali pa kuanzia na mahali pa kuishia.

Meli huleta ugumu wa pekee kwa sababu haikai mahali pamoja. Mwalimu alikatiwa bima ya nchi za Schengen. Ujerumani na Norwe zote zimo. Lakini kama meli ile ingetia nanga katika bandari ya Uingereza, ambayo haimo katika eneo la Schengen, na Mwalimu akaugulia huko, mkataba wake ungeweza kusema kwamba yuko nje ya mipaka. Tena, mikataba mingine huainisha safari za meli za kitalii kama kundi la pekee linalohitaji ada ya nyongeza.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa ada, mpe wakala au kampuni ya bima ratiba kamili ya meli, bandari kwa bandari, na uulize kwa maandishi: "Je, nitakuwa na kinga nikiwa ndani ya meli hii, baharini na katika kila bandari iliyotajwa?" Tunza jibu. Jibu la mdomo halina pa kushikwa siku ya dai.

Ugonjwa uliokuwepo kabla ya safari

Hapa ndipo madai mengi ya wazee huharibikia, na huharibika kabla msafiri hajaondoka nyumbani. Mazungumzo yafuatayo huenda si mageni masikioni mwa wasomaji wetu:

"Mama, wakikuuliza habari ya presha, wewe sema huna. Ukisema unayo wataongeza ada."

"Lakini vidonge nameza kila siku, mwanangu."

"Hivyo si ugonjwa, Mama. Ni kujikinga tu."

Binti hana nia mbaya. Anataka kupunguza gharama. Lakini mkataba wa bima umejengwa juu ya msingi wa nia njema ya hali ya juu. Kampuni haimjui msafiri. Inamjua kwa majibu yake tu, na kwa majibu hayo hukadiria ada na kuamua kama itamkubali. Jibu lisilo la kweli kuhusu jambo kubwa huipa kampuni sababu ya kukataa dai na hata kuutengua mkataba.

Watu hujitetea wakisema, "Mbona nimeugua nimonia, si presha?" Hoja hiyo inaweza kusaidia, lakini msiitegemee. Daktari anapoandika ripoti huorodhesha historia yote ya mgonjwa pamoja na dawa anazotumia. Kampuni ikisoma kwamba mgonjwa anameza vidonge vya shinikizo la damu kwa miaka minane, nayo ina fomu iliyojibiwa "Hapana", haitaishia kuuliza habari ya nimonia. Itauliza kama ingemkatia bima kwa masharti yale yale iwapo ingejua ukweli.

Tena kuna hatari nyingine iliyo karibu zaidi. Mara kadhaa fomu ya maombi haijazwi na msafiri mwenyewe. Wakala huijaza kwa haraka, akiweka "Hapana" kila mahali, kisha humpa mteja asaini. Sahihi yako ndiyo inayoyafanya majibu yale kuwa yako. Omba usomewe kila swali, kwa Kiswahili, na urekebishe jibu lisilo sahihi kabla ya kusaini. Chukua nakala ya fomu uliyoisaini.

Msafiri mwenye shinikizo la damu, kisukari, pumu au maradhi ya moyo na afanye mambo matatu. Autaje ugonjwa wake. Apate barua fupi ya daktari wake inayosema hali yake imetulia na anaweza kusafiri. Abebe daftari la kliniki, au nakala yake, pamoja na dawa za kutosha kwenye mkoba wa mkononi. Daftari lile lile tunaloliacha nyumbani likifunga kabati ndilo linaloweza kuonyesha kwamba ugonjwa ulikuwa umetulia siku ya kuondoka. Ada ikiongezeka, nyongeza hiyo ni bei ya kinga ya kweli. Ada ndogo iliyolipwa kwa jibu la uongo huenda isimnunulie msafiri chochote.

Mwalimu wa mfano wetu aliutaja ugonjwa wake. Ndiyo maana dai lake linaweza kuendelea hadi hatua zifuatazo.

Saa za mwanzo: nani apigiwe simu

Kwenye hati ya bima ya safari huwa kuna namba ya simu ya dharura inayopokewa saa 24. Mara nyingi anayepokea ni kampuni ya msaada iliyopewa kazi na kampuni ya bima, na yenye mawasiliano na hospitali za nchi mbalimbali. Hiyo ndiyo simu ya kwanza baada ya mgonjwa kupata huduma ya haraka. Mikataba mingi hutaka ridhaa ya kampuni ipatikane kabla mgonjwa hajalazwa au kuhamishwa, isipokuwa pale ambapo maisha yako hatarini na hakuna nafasi ya kusubiri.

Simu hiyo ina faida kubwa kwa familia. Kampuni ikipata taarifa mapema huweza kuiandikia hospitali barua ya kudhamini malipo, na hospitali ikaidai kampuni moja kwa moja. Ikikosa taarifa, familia hubeba bili yote hadi siku ya kurejeshewa. Familia nyingi huanza kuchangishana kwenye kundi la ukoo kabla ya kuipiga namba iliyoandikwa kwenye hati. Mchango ni jambo jema na la asili yetu, lakini bima iliyolipiwa ndiyo ya kutumiwa kwanza.

Baharini mtandao wa simu ni wa shida na wa ghali. Kwa sababu hiyo andika namba ya dharura na namba ya hati ya bima kwenye karatasi, uiweke pamoja na hati ya kusafiria. Mgonjwa asiye na simu aombe zahanati au mapokezi ya meli wapige kwa niaba yake. Anayesafiri naye, au ndugu aliyebaki Lembeni mwenye nakala ya hati, anaweza pia kutoa taarifa. Unapotoa taarifa, taja jina kama lilivyo kwenye hati ya kusafiria, namba ya hati ya bima, jina la meli, mahali ilipo, jina la daktari na hali ya mgonjwa. Andika tarehe, saa, jina la aliyepokea simu na namba ya kumbukumbu uliyopewa.

Uamuzi wa kumshusha mgonjwa hufanywa na daktari na nahodha kwa kuangalia usalama wa mgonjwa na wa chombo. Msibishane nao kwa kuhofia gharama. Kazi ya familia ni kuhakikisha kwamba uamuzi huo umeandikwa, na kwamba kampuni ya bima imearifiwa.

Yapo pia maradhi yasiyomtoa mgonjwa melini. Maambukizi ya tumbo yanayosababishwa na kirusi kiitwacho noro huenea kwa urahisi mahali watu wanapokaa karibu karibu, nayo huleta kutapika na kuhara kwa siku moja hadi tatu. Meli huweza kumtaka mgonjwa asitoke chumbani mwake. Kama mkataba wako unalipa siku za kukaa chumbani, utahitaji barua ya daktari wa meli inayotaja siku na saa ulizozuiwa. Mgonjwa anayejitibu kimya kimya, bila kufika zahanati, hana uthibitisho wowote wa kudai.

Nyaraka za kukusanya kabla ya kuondoka

Kupata karatasi ukiwa bado melini au hospitalini ni kazi ya dakika chache. Kuitafuta karatasi hiyo hiyo ukiwa umesharudi Lembeni ni kazi ya miezi. Kabla hamjaondoka, hakikisheni mnazo nyaraka hizi:

1. Ripoti ya daktari wa meli na ya hospitali, zenye jina la ugonjwa, tarehe dalili zilipoanza, matibabu yaliyotolewa, sahihi na mhuri. Kama hospitali huandika kwa lugha ya nchi yake, ombeni nakala ya Kiingereza.

2. Ankara yenye mchanganuo, si jumla tupu. Akaunti ya chumba cha meli huchanganya matibabu na mambo mengine, kwa hiyo ombeni ankara ya zahanati peke yake.

3. Stakabadhi zinazoonyesha kwamba ankara zimelipwa, nani amelipa na kwa njia gani. Aliyelipa kwa kadi ya benki atunze pia taarifa ya akaunti.

4. Barua ya meli inayothibitisha siku abiria aliyoshushwa, sababu yake, na siku za safari ambazo hakuzitumia.

5. Mkataba au tiketi ya safari ya meli unaoonyesha bei iliyolipwa, pamoja na barua ya kampuni ya meli inayosema kama itarejesha sehemu yoyote ya nauli.

6. Tiketi ya awali ya kurudi, tiketi mpya, na cheti cha daktari kinachosema mgonjwa anafaa kusafiri kwa ndege.

7. Nakala ya hati ya kusafiria yenye mihuri ya kutoka na kuingia.

Piga picha ya kila karatasi siku hiyo hiyo na uitume kwa mtu mmoja unayemwamini. Wino wa stakabadhi nyingi hufifia. Nakala halisi zitunze, na unapozikabidhi kwa kampuni ya bima, dai orodha iliyosainiwa inayoonyesha umekabidhi nini na tarehe gani.

Hesabu ya fidia

Familia ya Mwalimu ilirudi ikiwa imetumia jumla ya euro 1,600 kutoka mfukoni. Hospitali ya Bergen haimo kwenye hesabu hiyo, kwa kuwa binti alipiga simu ya dharura mapema na kampuni ikailipa hospitali moja kwa moja. Mchanganuo wa euro 1,600 ni huu: akaunti ya meli 705, teksi ya kwenda hospitali 40, dawa baada ya kutoka hospitali 75, tiketi mpya ya Mwalimu kurudi Hamburg 210, tiketi ya binti 210, na hoteli ya binti 360.

Familia ilitarajia kurejeshewa zote. Kampuni ilikubali kulipa euro 845. Je, imewadhulumu?

Tuitazame hesabu. Katika akaunti ya meli, euro 620 zilikuwa za zahanati na 85 za vinywaji na kufua nguo. Hizo 85 si hasara ya ugonjwa. Tiketi na hoteli ya binti, jumla euro 570, hazikulipwa kwa kuwa mkataba wa Mwalimu haukuwa na kipengele cha gharama za anayemuuguza mgonjwa. Zilizobaki ni 620, 40, 75 na 210, yaani euro 945. Mkataba ulisema kwamba katika kila dai mwenye bima atabeba mwenyewe euro 100 za kwanza. Ukitoa hizo, inabaki 845. Hesabu ni sahihi kwa mujibu wa mkataba huo.

Hata hivyo, mambo mawili yamebaki. Binti aangalie bima yake mwenyewe ya safari, kama anayo, kwa ajili ya gharama zake. Na siku nne za meli zilizopotea zidaiwe iwapo mkataba una kipengele cha kukatika kwa safari. Hazimo katika hesabu hii kwa sababu hazikuandikwa kwenye fomu ya madai. Kampuni hushughulikia kilichodaiwa. Kwa hiyo pitia vipengele vya hati yako kimoja kimoja unapojaza fomu, usije ukaacha haki yako mezani.

Fidia inapolipwa kwa shilingi, uliza ni kiwango gani cha kubadilishia fedha kimetumika na ni cha tarehe ipi, kisha ukilinganishe na kilichoandikwa katika mkataba.

Kuwasilisha dai na kusaini

Mikataba huweka siku maalumu za kutoa taarifa na za kuwasilisha nyaraka. Zisome kabla ya kusafiri. Ukiona utachelewa kwa sababu mgonjwa bado yuko hospitalini, iandikie kampuni mapema ueleze sababu. Fomu ya madai ijazwe kwa ukweli, na maelezo yake yafanane na ripoti ya daktari. Usikubali kushawishiwa kuongeza stakabadhi zisizo zako au kukuza tarakimu. Kampuni huwasiliana na hospitali na meli kuhakiki, na stakabadhi moja ya uongo huweza kuliangusha dai zima lililokuwa la haki, mbali na kuwa kosa la jinai.

Kabla ya kulipa, kampuni hukupa hati ya kukiri kwamba kiasi fulani kinamaliza dai lako. Isome polepole. Ukiisaini bila masharti, umeeleza kwamba umeridhika, na kurudi nyuma itakuwa vigumu. Kama hukubaliani na kiasi hicho, usisaini kwanza kwa kuwa una shida ya fedha ukitumaini utalalamika baadaye. Andika barua ueleze ni kipengele gani hukubaliani nacho na kwa nini. Huhitaji wakili ili kuandika barua hiyo.

Dai likikataliwa

Una haki ya kuelezwa sababu. Omba ukataliwe kwa maandishi, na barua itaje kifungu cha mkataba kilichotumika. Kisha kichukue kifungu hicho ukisome pamoja na ripoti ya daktari. Kampuni ikisema ugonjwa ulikuwepo kabla ya safari, barua ya daktari wako, daftari la kliniki na nakala ya fomu ya maombi ndivyo vitakavyokutetea.

Hatua ya kwanza ni kuwasilisha malalamiko kwa kampuni yenyewe, kwa uongozi wake, na si kwa wakala peke yake. Usiporidhika, leta malalamiko yako kwetu, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania (TIRA). Tunasimamia soko la bima kwa mujibu wa Sheria ya Bima Namba 10 ya mwaka 2009. Wakazi wa Lembeni na maeneo jirani wanaweza kutumia ofisi yetu ya Kanda ya Kaskazini iliyopo Arusha. Sheria hiyo imeweka pia Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, anayesikiliza migogoro kati ya watumiaji na kampuni za bima baada ya mlalamikaji kuijaribu kampuni kwanza. Njia ya mahakama nayo ingali wazi.

Jambo moja ni muhimu sana kwa wenye watoto ughaibuni. Uwezo wetu unahusu kampuni zilizosajiliwa na Mamlaka. Kama mtoto alikata bima hiyo Ujerumani, kwa kampuni ya Ujerumani, msimamizi wake ni mamlaka ya huko iitwayo BaFin, na malalamiko hufuata taratibu za nchi hiyo. Bima ya namna hiyo si mbaya. Lakini mzazi ajue tangu mwanzo ni nani atakayemtetea, kwa lugha gani, na nani atakayefuatilia akisharudi nyumbani. Kwa bima iliyokatwa hapa nchini, hakikisha kampuni na wakala wamesajiliwa, ada imeingia kwa kampuni, na una stakabadhi na hati yenye jina lako sahihi.

Kabla ya kufunga begi

Tunawashauri wazazi na watoto wakae pamoja jioni moja, hata kwa njia ya simu, na kuisoma hati ya bima kwa sauti. Wajiulize maswali sita. Tarehe zinaanza na kuishia lini? Meli na bandari zake zote zimo? Magonjwa ya msafiri yameandikwa? Ni kiasi gani cha kubeba wenyewe? Namba ya dharura iko wapi? Nani nyumbani ana nakala?

Swali lisilo na jibu lipelekwe kwa kampuni ya bima kabla ya siku ya safari. Baada ya hapo mzazi na aende akamwone mwanawe na wajukuu zake, na hati yake ya bima ikae ndani ya hati ya kusafiria, mahali ambapo mtu mwingine yeyote ataiona akiitafuta.